Hoteli ya bure na maelezo ya dakika 90

Swali: Mdogo wangu anayeishi Orlando, Marekani, ameahidiwa siku 3 za hoteli bure akisikiliza maelezo ya mauzo kwa dakika 90. Je, akubali? (Msomaji, Bukavu)

Jibu: Ndugu yangu, aende tu ikiwa ana moyo wa kukataa mara kwa mara, kwa kuwa kinachouzwa pale kwa kawaida ni haki ya kutumia nyumba ya likizo kwa muda fulani kila mwaka, yenye ada ya matunzo inayodaiwa hata asipokwenda, na kalamu huwekwa mbele ya mgeni kabla hajamaliza kahawa yake. Akishatia sahihi, sheria ya Florida, jimbo ulimo mji wa Orlando, humpa siku 10 za kuvunja mkataba kwa maandishi. Nakusihi umpigie simu leo.