Kuku hawafariki

Mwaka juzi kikundi chetu cha kufuga kuku kilikuwa kinaomba mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake. Taarifa aliyoandika katibu ilikuwa ya kijiweni mno, nikaombwa niiandike upya ipendeze. Nikaona "kufa" limejaa kila mahali. Nikaiamuru kompyuta igeuze kila "kufa" iwe "kufariki", kisha nikaenda kunywa chai.

Kwenye kikao katibu akasoma: "Wanachama walikubaliana kufarikinya usafi wa banda kila asubuhi..." Akasita, akanitupia jicho. Mbele kidogo akakutana na "kufarikihamu" na "kufarikiulu". Watu hawana mbavu. Ila kilichoniingia ni sentensi iliyosomeka vizuri kabisa: "Kuku waliendelea kufariki kwa mdondo." Bibi mmoja wa Tanga akauliza kwa upole, "Na matanga mlianua lini, mwanangu?"

Kufariki asili yake ni kutengana na kitu, ndiyo maana husemwa mtu amefariki dunia. Ni neno la heshima, na heshima hiyo tumewawekea watu. Kuku hufa. Akifa bila kuchinjwa ni kibudu, akiozea bandani ni mzoga. Binadamu ni maiti, na mbele ya wafiwa hata hilo hulitamki, unasema "mwili wa marehemu". Kwa hiyo nikitafuta kisawe, siku hizi naanza kujiuliza: neno hili husemwa juu ya nani, na mbele ya nani?

Hela, pesa na fedha nazo ni hivyohivyo. Hela imetokana na Heller, sarafu ya enzi za Mjerumani, na hadi leo ni neno la mfukoni. Kwenye maombi ya mkopo naandika fedha. Lakini muuza mayai akisema "hela yangu imeliwa", nanukuu vilevile. Nikimbandikia "fedha" nimemvalisha gauni lisilo lake.

Halafu kuna ngeli, na hapa ndipo wengi tunapoumbuka. Katibu aliandika "tatizo hili kubwa lililotusumbua". Mimi nikachomoa tatizo, nikachomeka changamoto, basi: "changamoto hili kubwa lililotusumbua". Ilitakiwa "changamoto hii kubwa iliyotusumbua". Jina likihama, jamaa zake wote wanafungasha. (Changamoto yenyewe siku hizi ni jamvi la wageni. Mdondo ni ugonjwa, jamani, uiteni ugonjwa.)

Dawa yangu ni kumsomea mtu kwa sauti kabla sijapeleka popote. Namsomea bibi yuleyule. Akikunja uso, nafuta, hata kama kamusi iko upande wangu.

Lakini kosa lililotusumbua zaidi halikuchekesha. Shuleni tuliambiwa kurudiarudia neno ni udhaifu, nami nikaogopa kuandika "chanjo" mara nne kwenye aya moja. Ya pili nikaiita "dawa", ya tatu "kinga". Mweka hazina alipoisoma akaelewa tumenunua vitu vitatu, akapekua faili zima kutafuta risiti ya kinga. Wanachama wawili wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu amekula. Ilibidi nisimame mbele ya watu 20 na kueleza kwamba kinga haikununuliwa, niliipamba tu. Sasa hivi chanjo naiita chanjo, hata ikijitokeza mara saba kwenye ukurasa mmoja.