Usilipie hadithi ya vita, angalia namba kwanza

Kaka, umesema unauziwa bunduki hapo Tanga ina maandishi I.G.Mod.71, yaani Mauser ya Kijerumani ya askari wa miguu, modeli ya 1871, na muuzaji anashikilia ni adimu kwa vile ilipigana vita ya Tanga ya Novemba 1914, Wajerumani na Waingereza. Ni kweli askari wengi wa Mjerumani walibeba hizo, za baruti ya moshi, risasi moja moja, ila Mauser 71 zilitengenezwa nyingi mno kwahiyo umri peke yake usikupandishie bei. We angalia namba bwana, ya kwenye mtutu ilingane na ya bolti, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, hata skrubu ndogondogo mara nyingi zina tarakimu mbili za mwisho za namba ileile, zikipishana ujue hapo kuna vipande vya bunduki zaidi ya moja. Halafu pitisha kidole kwenye mihuri ya taji iliyogongwa kwenye chuma, kama kingo zimelainika na kitako kinang'aa vanishi mpya basi msasa umepita na thamani imeondoka nao, bora hata ingebaki na mikwaruzo yake. Hadithi ya babu wa muuzaji bila karatasi yoyote usiiongezee hata mia. Na tafadhali sana, kabla hujatoa hela wala kuibeba nenda polisi ukaulizie kibali, sheria ya silaha inayotumika ni ya 2015.