Baada ya nishani kuna nini? Majibu kuhusu Tuzo ya vijana

Barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu Tuzo ile iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1956 na Prince Philip, Duke of Edinburgh, akishirikiana na mwalimu wake wa zamani, Kurt Hahn. Ina ngazi tatu, Shaba, Fedha na Dhahabu, na katika kila ngazi kijana hujitolea, hujifunza stadi, hufanya mazoezi ya mwili na huenda safari na wenzake. Leo ipo katika nchi zaidi ya 130 kwa majina mbalimbali. Kenya huitwa Tuzo ya Rais.

Mwanangu ana miaka 14 na ameanza ngazi ya Shaba. Cheti kitamsaidia kupata kazi? (Mama Mwenye Shauku)

Mama, cheti peke yake hakifiki mbali. Kitakachomsaidia ni kuwa na la kusema siku atakapoulizwa kwenye usaili, "Tueleze ulipokwama ulifanyaje." Aliyeshika ramani, akapoteza njia, wenzake wakamnunia, kisha akapata ujasiri wa kusema "turudini tulikotoka," huyo hakosi jibu. Mhimize aandike mapema. Asiandike tu "nilijitolea saa moja". Aandike alifanya nini, nani alimuudhi na waliyamalizaje. Mambo hayo husahaulika upesi mno.

Kwa nini wanadai miezi yote hiyo? Saa hizo binti yangu angezimaliza likizo moja tu. (Baba Mwenye Haraka)

Angezimaliza, ndiyo, na angekosa kile ninachokiona kuwa faida kubwa kuliko zote. Katika Shaba, kujitolea, stadi na mazoezi ya mwili kila kimoja huchukua angalau miezi 3, na kimojawapo huongezewa 3 mingine. Anayeanza moja kwa moja na Dhahabu hamalizi kabla ya miezi 18. Kwa wiki ni kama saa moja tu kwa kila shughuli. Wiki ya kwanza kila mtu ana hamu. Ngoja wiki ya tisa: mvua inanyesha, rafiki aliyemvuta kujiunga ameshaacha, na bibi ambaye yeye hujitolea kumsomea gazeti ameamka na hasira. Akienda siku hiyo, amejifunza kurudi kwenye jambo lililokwisha kumchosha. Masomo ya chuo, ndoa, hata kulipa deni, vyote vinataka tabia hiyo hiyo. Likizo moja ya kujikamua haiwezi kuijenga.

Kulala kwenye hema ni lazima? Naogopa wadudu. (Msichana wa Shaba)

Safari haikwepeki, ila kwa ngazi yako ni siku 2 na usiku mmoja tu. Wadudu utawazoea, viatu vipya ndivyo vya kuogopa. Vivae wiki kadhaa kabla.

Nilipata Fedha nikaacha. Sasa nina miaka 22. Nimechelewa? (Aliyeishia Njiani)

Bado, ndugu yangu. Mwisho ni kabla hujatimiza miaka 25, na mwenye Fedha anahitaji angalau miezi 12 kupata Dhahabu. Humo kuna kukaa siku 5 na usiku 4 na watu usiowazoea, mkifanya kazi ya pamoja. Kwa umri wako, naona utafaidi kuliko wa miaka 16, maana unajua tayari ilivyo taabu kuelewana na mtu usiyemchagua.

Si mambo ya watoto wa wenye uwezo haya? (Msomaji)

Gharama zipo, na kundi lisilojali hilo huwafukuza vijana bila kusema neno. Lakini hakuna anayeshindanishwa na mwenzake, na stadi unaweza kuchagua isiyo na gharama. Kabla ya kununua chochote, muulize kiongozi wa kundi kama wana hema na mikoba ya kuazima.