Maswali ya Wasomaji: Hilux ya dizeli na tela la mahindi

Swali: Nimenunua Hilux ya dizeli, gari langu la kwanza, ili nivute tela la mahindi kutoka Iringa hadi Morogoro. Taa yenye alama ya chujio na matone imewaka. Je, niendelee na safari?

Jibu: Ndugu msomaji, tafadhali usiendelee. Maji yamejikusanya chini ya chujio la dizeli, nayo yakifika kwenye pampu ya dizeli na nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini huziharibu kwa gharama kubwa. Zima injini, kinga chombo, legeza koki ya chini hadi maji yaishe na dizeli safi ianze kutoka, kisha ikaze na upige pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka iwe ngumu. Uteremkapo mlima Kitonga ulio njiani, ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, kwa sababu breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto zikashindwa kushika, huku tela likizidi kukusukuma.