Meli za watalii zikitia nanga Mombasa, nani anafaidika?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nina duka la kanga na viungo Mji wa Kale, Mombasa. Msimu wa kaskazi meli kubwa za watalii hufunga gati Kilindini asubuhi, abiria wakapanda mabasi kwenda Tsavo, na muda mfupi baada ya wao kurudi meli ikang'oa nanga. Tunaambiwa mji unafaidika. Unafaidika vipi, nasi twaangalia mabasi tu yakipita?
Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Ndugu msomaji, mji unafaidika, ila faida hiyo huishia mikononi mwa wachache. Bandari hutoza ada za gati na za kuongoza meli, wakala wa meli hupata ujira wake, na kampuni za utalii zenye mkataba hupeleka mbugani abiria waliolipia safari hiyo wakiwa bado melini, baada ya kampuni ya meli kukata fungu lake. Mtu ambaye chakula chake kimekwisha kulipiwa, tena ametumia saa kadhaa barabarani kwenda na kurudi upande wa Voi, kilomita 150 hivi kutoka Mombasa, hana nafasi ya kufika dukani kwako.

Kwa hiyo idadi ya abiria, ambayo viongozi hupenda kuitangaza, haituelezi mengi. La kuuliza ni saa ngapi wanakaa mjini na wanazitumia wapi. Fort Jesus na Mji wa Kale viko kisiwa kimoja na gati. Matembezi ya nusu siku yanayoongozwa na wenyeji, yakiingizwa katika orodha ya safari zinazouzwa melini, yangeleta wateja hadi Ndia Kuu, barabara ya huko Mji wa Kale. Orodha hiyo hupangwa mapema sana, hivyo wafanyabiashara wamwendee wakala kwa pamoja kabla ya msimu, wasingoje meli ionekane Likoni.

Faida kubwa zaidi iko pale safari inapoanzia au kuishia, kama Miami, kwa sababu abiria huja kwa ndege, hulala hotelini, na meli hujaza vyakula kwa ajili ya safari nzima. Hapo mkulima na mvuvi nao huingia, lakini meli hainunui samaki kwa tenga: hutaka mzigo mkubwa wa daraja moja, wenye barafu na vyeti vya afya, ufike saa iliyoagizwa.

Ada ya kila abiria nayo inawezekana. Wapiga kura wa jimbo la Alaska, Marekani, waliipitisha mwaka 2006, ingawa mji wa Juneau jimboni humo, wenye ada zake wenyewe, ulishtakiwa na kampuni za meli, na mwaka 2018 mahakama ikaamua kwamba fedha hizo zitumike kwa huduma zinazohusu meli.

Kwa upande wako, usiwasahau mabaharia. Hao hawaendi Tsavo. Wakipewa ruhusa ya saa chache hutafuta laini ya simu, intaneti, dawa, kinyozi na zawadi ya kupeleka nyumbani. Andika bei waziwazi, na duka liwe wazi hata adhuhuri.