Seva Inapohamisha Faili Polepole: Pima Kabla Hujagusa Mpangilio

Ukiajiriwa kusimamia seva za ofisi, malalamiko utakayoyasikia kuliko yote ni haya: "Mtandao unasumbua." Anayeyatoa anasema kweli kuhusu anachokiona, kwamba faili iliyokuwa ikifika kwa dakika kumi leo inakula saa nzima na nusu, lakini chanzo hakijui, na wewe pia bado hukijui. Kati ya diski ya seva na diski ya kompyuta yake faili hupita mahali pengi: programu inayogawa faili, kumbukumbu (RAM) ya seva, kadi ya mtandao, kebo, swichi, kebo nyingine, kadi ya upande wa pili, programu ya kuzuia virusi, na mwisho diski inayopokea. Sehemu moja tu ikizorota, safari nzima hufuata mwendo wa sehemu hiyo. Ninalokuomba ulishike tangu wiki yako ya kwanza kazini ni kwamba usibadilishe mpangilio wowote kabla hujaipima kila sehemu peke yake na kuandika namba ulizozipata.

Nimelijua hili kwa gharama. Katika ofisi moja ya Dar es Salaam niliyokuwa nikiihudumia, wachoraji wa ramani walikuwa wakihamisha picha za anga, takribani gigabaiti 60 kila asubuhi, kutoka kwenye seva ya Linux iliyotumia Samba, programu inayogawa faili kwa kompyuta za ofisi. Siku moja kazi ile ikawa haimaliziki kabla ya saa nne. Nilitumia siku mbili nikibadilisha mistari ya faili la mpangilio la Samba, nikiwasha hiki na kuzima kile, kisha nikianzisha huduma upya na kujaribu tena. Muda wote huo dirisha la kunakilia lilikuwa likinionyesha namba ileile, megabaiti 11.2 kwa sekunde, isiyopanda wala kushuka. Ningeijua maana ya namba hiyo, ningeinuka kitini mara moja nikaifuate kebo.

Maana yake ni hii. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti na ukubwa wa faili hutajwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Njia ya megabiti 1,000 kwa sekunde haiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125, na ukiondoa sehemu inayotumiwa na vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya anwani yanayoambatana na kila kipande cha data, faili kubwa husafiri kwa megabaiti 110 hadi 118 hivi. Njia ya megabiti 100 hupitisha moja ya kumi ya hapo, yaani megabaiti 11 na kidogo. Kwa hiyo unapoona namba iliyotulia kwenye 11, huna haja ya kuituhumu Samba: mahali fulani njia yako ya megabiti 1,000 imeshuka hadi 100. Zile gigabaiti 60 zinazopita kwa takribani dakika 9 kwenye njia nzima zitakuchukua dakika 90 kwenye njia iliyoshuka.

Nilipoandika amri ya ethtool, inayoonyesha hali ya kadi ya mtandao, pamoja na jina la kadi ya seva, mstari wa kasi ulisomeka 100. Kebo ilipita chini ya kabati la mafaili, na mguu wa kabati, lililokuwa limesogezwa siku chache nyuma, ulikuwa umeibana mpaka ganda likapasuka. Kasi ya megabiti 1,000 huhitaji jozi zote nne za waya, yaani waya zote nane, ilhali kasi ya megabiti 100 hutosheka na jozi mbili. Waya mmoja katika jozi zile nyingine ukikatika, kadi nyingi hazikati mawasiliano wala hazitoi onyo, bali hushuka kimyakimya hadi kasi inayowezekana. Taa ya swichi inaendelea kuwaka, ping (jaribio dogo la kuuliza kama seva ipo) inajibu vizuri, barua pepe zinafika, na hakuna anayegundua kitu mpaka atokee mtu mwenye faili kubwa. Nilibadilisha kebo kwa dakika tano. Kilichonichukua mchana mzima ni kurudisha mistari ya mpangilio niliyoivuruga, kwa kuwa sikuwa nimeandika popote ilivyokuwa mwanzo.

Kwa hiyo anza na njia yenyewe, bila kuhusisha diski. Weka iperf3, programu inayopima kasi ya mtandao, pande zote mbili, seva ikisikiliza na kompyuta ikituma, kisha zibadilishane, kwa sababu tatizo linaweza kuwa la upande mmoja tu. Njia nzima ya megabiti 1,000 itakupa takribani 940. Ikikupa 94, fuata kebo na matundu ya swichi. Ikikupa namba inayorukaruka, mara 600 mara 40, angalia idadi ya makosa kwa ethtool -S kabla na baada ya jaribio: idadi ya makosa ya CRC, yaani pakiti zilizofika na hesabu ya uhakiki isiyolingana, ikiongezeka, pakiti zinaharibika njiani, na TCP, itifaki inayosimamia utumaji wa data na kuchukulia kila pakiti iliyopotea kuwa dalili ya msongamano, inapunguza mwendo yenyewe. Chunguza pia kama kuna mtu aliyewahi kupanga kasi kwa mkono upande mmoja na kuuacha upande wa pili ujitafutie. Upande unaojitafutia huweza kuitambua kasi ya 100, lakini hauna namna ya kujua kwamba mwenzake anatuma na kupokea kwa wakati mmoja, hivyo huchagua kupokezana. Matokeo yake ni migongano isiyoonekana kwenye ping lakini inayoua uhamishaji wa faili.

Iperf3 ikikupa 940 na faili bado zinasuasua, achana na kebo uende kwenye diski. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Ukipima kuandika kwa faili dogo, Linux hulipokea kwenye kumbukumbu kwanza na kukuambia kazi imekwisha kabla diski haijaandika lolote, nawe unaondoka na namba nzuri isiyo ya kweli. Pima kwa faili linalozidi ukubwa wa kumbukumbu ya seva, au tumia dd, amri ya kunakili data, pamoja na conv=fdatasync ili isubiri mpaka data ifike kwenye diski. Kumbuka pia kwamba diski ya kuzunguka inayosoma zaidi ya megabaiti 150 kwa sekunde ikiwa na msomaji mmoja inaweza kuanguka hadi megabaiti chache wanapoiomba watu kumi kwa pamoja. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutumia takribani milisekunde 4 kungoja nusu mzunguko peke yake, mbali na muda wa kichwa kuhama, na kila ombi la mahali papya hulipa gharama hiyo. Amri ya iostat -x itakuonyesha maombi yanavyopanga foleni. Kwenye seva yenye kadi ya RAID, inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, iangalie hali ya betri yake mapema: betri ikifa, kadi nyingi huacha kuitumia kumbukumbu yao ya kuandikia, na kasi ya kuandika huporomoka ingawa diski zote ni nzima.

Njia ikiwa nzima na diski ikiwa nzima, uliza ni faili za namna gani zinazohamishwa. Folda yenye faili 40,000 ndogo haifanani na faili moja lenye uzito uleule, kwa kuwa kila faili lazima lifunguliwe, liundwe upande wa pili, lipewe ruhusa zake na kufungwa. Hata kila moja ikidai milisekunde 5 tu, sekunde 200 zimekwenda kabla hujahesabu data yenyewe. Seva ikiwa nchi nyingine, tuseme milisekunde 150 kwenda na kurudi, na kila faili likahitaji safari tatu za namna hiyo, utangoja saa 5, na kununua intaneti ya kasi kubwa zaidi hakutapunguza hata dakika kumi. Dawa ni kuzifungasha kwa tar, amri inayokusanya faili nyingi kuwa moja, na kuzituma kama mkondo mmoja. Programu ya kuzuia virusi inayofungua kila faili linalopita huleta dalili zilezile, nayo unaithibitisha kwa kulinganisha muda wa folda ya majaribio inapokaguliwa na isipokaguliwa.

Umbali una jambo lake jingine. Mtumaji wa TCP hutuma kiasi fulani kisha husubiri jibu. Kiasi hicho kikiwa kilobaiti 64 na jibu likichukua milisekunde 150, hutapata zaidi ya kilobaiti 427 kwa sekunde, hata njia iwe pana kiasi gani. Utaratibu wa kukipanua kiasi hicho uliwekwa katika RFC 1323, hati ya kanuni za intaneti ya mwaka 1992, na mifumo ya leo huutumia bila kuombwa, lakini zipo programu zinazojiwekea kikomo chao, na ukifungua mikondo minne kwa pamoja ukaona kasi imekuwa mara nne, umempata mhusika.

Siku mfumo unapokuwa mzima, fanya vipimo hivi vyote na uvihifadhi pamoja na tarehe, jina la tundu la swichi na nakala ya mpangilio. Katika ofisi ile ya ramani karatasi ya vipimo ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati la seva: iperf3 megabiti 941, kusoma diski megabaiti 172, faili kubwa megabaiti 112. Walipolalamika tena miezi kadhaa baadaye, nilipima kwa robo saa, nikakuta namba zote tatu ziko palepale, nikaomba nionyeshwe folda iliyokuwa ikihamishwa. Ilikuwa na vipande vidogo vya picha visivyohesabika.