Jibu: Nyumba ya shambani iliyokarabatiwa, lakini ukuta unanuka ukungu

Habari ndugu. Umesema nyumba ni ya zamani, imepakwa rangi na kuwekewa jiko jipya, ila ukuta wa sebule unanuka ukungu kwa chini, na muuzaji anasema ukifungua madirisha itaisha. Usitoe hata malipo ya awali kabla hujajua maji yanatoka wapi.

Anzia nje. Angalia kama udongo umepanda juu kuliko sakafu, na kama mifereji ya paa inamwaga maji kwenye msingi. Kisha gonga plasta kwa kidole usikilize kama ina uwazi nyuma. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa, inayoruhusu unyevu utoke. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu unanaswa ndani na rangi inaanza kubanduka. Nimeshayaona haya zaidi ya mara moja.

Panda darini na bisibisi, uchome ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Ikizama kirahisi, boriti imeoza, na bei ijadiliwe upya.

Soketi mpya zisikudanganye, nyaya za nyuma zinaweza kuwa zilezile. Fundi umeme umlete wewe, si muuzaji.